Sevisi kubwa ya IST, naishi Tanga: profoma hii ya Dar ipunguzwe wapi?

Mwana_Duga

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST ya umbo la zamani, NCP60, injini 2NZ, kilomita 121,000 kwenye dashibodi. Linatembea mjini hapa Tanga, na mara mbili kwa mwezi linapanda Lushoto. Kumbukumbu za sevisi za nyuma hakuna. Gereji moja kubwa ya Dar imetoa profoma (makadirio ya gharama) ya "sevisi kubwa", jumla inagusa laki tisa na theluthi yake ni hela ya ufundi. Naiweka kama ilivyo:

Oili ya injini lita 5 na filta. Dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili. Plagi 4. Koili 4 (taa ya cheki injini inawaka, na gari likisimama kwenye mataa linatetemeka). Taiming belti. Filta ya hewa na ya AC. Kusafisha nozeli (vipulizia mafuta). Haidroliki (oili ya giaboksi) kwa mashine. Kulanti. Pedi za mbele na kuchonga diski. Oili ya breki. Alaimenti. "Vifaa vidogo vidogo."

Kipi kifutwe, kipi kifanyike hapa hapa Tanga, na kipi mtu anaweza kufanya mwenyewe uani akiwa na jeki na boksi la spana?

Spana_14

Futa kwanza taiming belti. 2NZ na 1NZ zina cheni, hazina mkanda wa taiming. Aliyeandika hiyo profoma hakufungua boneti, amenakili ya gari jingine. Mkanda uliopo ni ule wa nje unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Huo unakaguliwa kwa macho: ukiona nyufa nyingi zinazokatiza mbavu zake, au unapiga kelele ukiwasha asubuhi, badilisha. Kama ni mzima, uache.

Pili, oili. Injini hiyo ukibadilisha pamoja na filta inachukua lita 3.7, bila filta lita 3.4. Galoni ya lita 4 inatosha na unabaki na kidogo cha kuongezea. Lita 5 kwenye karatasi maana yake ama unalipia lita isiyoingia kwenye gari lako, au inaingia, na hilo la pili ni baya zaidi: krenki inaipiga ile oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Uzito: weka 5W-30, ukikosa 10W-30. Nyuma ya galoni tafuta alama ya API (daraja la ubora wa oili), iwe SL au ya juu yake (SM, SN, SP). Mafundi wengi wa huku watakusukumia 20W-50 kwa hoja kwamba joto la pwani linataka oili nzito. VVT-i ya injini hii, yaani mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, inasukumwa na oili hiyo hiyo, ikipita kwenye vali ndogo yenye wavu mwembamba. Oili nzito inachelewa kufika, gari linakuwa zito kuondoka na linakula mafuta. Nzito ina nafasi yake kwenye injini iliyochoka inayofuka moshi wa bluu, na hapo tayari unaongelea ugonjwa mwingine.

Kumwaga unaweza mwenyewe. Iwashe injini dakika tano ili oili ilegee, zima, ingiza gari pa sakafu ngumu, piga jeki kisha weka stendi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja ukiwa chini ya gari. Nati ya kumwagia ni namba 14. Iache itiririke mpaka ibaki matone. Washa (pete ya kuzuia kuvuja) ya ile nati ni ya kubadilisha kila mara, nambari 90430-12031, bei yake ni ya karanga, na wengi wanairudisha ya zamani halafu wanakaza kwa hasira kuzuia kuvuja mpaka nyuzi zinakufa. Filta ni 90915-10001. Kabla ya kufunga mpya hakikisha mpira wa ile ya zamani umetoka nayo. Ukibaki umeganda kwenye injini ukafunga mpya juu yake, oili yote itamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Paka oili mpya kwenye mpira, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Spana haihitajiki.

Mimina lita tatu na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, soma stiki ya kupimia oili, malizia polepole. Oili chafu usiimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Jaza kwenye dumu uwape wenye nguzo na mbao, wanapaka dhidi ya mchwa.

Dawa ya kusafisha injini: futa. Kwenye injini isiyo na historia, tope likibanduka kwa mkupuo linaenda kuziba wavu wa pampu ya oili. Badala yake, oili hii ya kwanza imwage mapema, kilomita 3,000, halafu ndipo uingie kwenye ratiba ya kawaida.

Koili_na_Waya

Mkuu, usinunue koili nne kwa sababu taa imewaka. Taa haisemi "koili", inabeba kodi, yaani namba ya hitilafu. Mpe fundi mwenye mashine aisome, tena uikariri mwenyewe, usiridhike na "ni mambo ya umeme". Kodi P0300 ni injini kukosa moto bila kusema ni silinda ipi. P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, na namba 1 ni ile ya upande wa mikanda.

Tuseme imesoma P0302. Zima gari, toa koili ya 2 na ya 4 (boliti moja ya namba 10 kila koili, na soketi yenye kibano, plastiki ya zamani inavunjika, bonyeza taratibu, usivute waya). Zibadilishane nafasi. Futa kodi, endesha kama kawaida, soma tena. Ikija P0304, tatizo limehama na koili, basi nunua koili moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima; rudia mchezo huo huo kwa plagi. Ikigoma kuhama hata kwa plagi, ndipo uulize nozeli, soketi ya waya au mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halina gharama zaidi ya muda wako.

Plagi zitoe uzitazame hata kama si mkosaji. Spana ya plagi ni 16, na injini iwe imepoa kabisa kwa sababu kichwa ni cha aluminiamu. Pulizia vumbi kwenye mashimo kabla ya kulegeza, la sivyo mchanga unaingia ndani ya silinda. Plagi za kawaida, K16R-U11, nafasi yake milimita 1.1, na Wajapani wanazipa kilomita 20,000. Za iridiamu zinakwenda 100,000. Iridiamu usiisugue kwa brashi ya waya, ncha yake ni nyembamba kama sindano. Kazia Nm 18 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya torki? Ingiza kwa vidole mpaka iguse, kisha plagi mpya nusu mzunguko, iliyotumika kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Ukikuta oili imesimama ndani ya shimo la plagi, hiyo ni sili ya shimo au gasketi ya kava ya vali. Kubadilisha plagi juu ya oili hiyo ni kurudi gereji mwezi ujao.

Kusafisha nozeli: acha kwanza. Safisha koo la hewa kwa dawa yake na kitambaa, kaboni iliyojikusanya pale pembeni mwa kipepeo peke yake inatosha kuleta mtetemo wa gari likisimama.

Bi_Raskazone

Mimi niseme breki, kwa sababu hapo ndipo pwani inatofautiana na bara.

Usikubali pedi bila kipimo. Legeza nati za gurudumu (21) gari likiwa bado chini, nyanyua, toa gurudumu, chungulia na tochi kwenye dirisha la kaliper, kile kibanio kinachoshika pedi. Pedi mpya ina nyama ya milimita 10 hivi, kikomo cha Toyota ni milimita 1, na mtu mwenye akili anabadilisha zikifika 3. Kama zina 6 au 7, huyo aliyekuandikia anakuuzia pedi za mwakani.

Ila usiishie kutazama ya nje. Fungua boliti ya chini ya kaliper, namba 14, inyanyue kaliper kama mfuniko, na upime ya ndani pia. Hapa Raskazone, Sahare, na popote upepo wa bahari unapofika, pini za kaliper zinashika kutu ndani ya mpira wake. Pini ikikwama, kaliper haitelezi: pedi moja inakwisha na mwenzake bado nene. Tofauti ikizidi milimita 2, ujue ni pini. Kubadilisha pedi peke yake hapo ni kuzitupa mpya. Zichomoe pini, zisugue, angalia mpira haujachanika, paka grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mpira na kukukwamisha upya.

Kuchonga diski kunafanyika kama usukani au pedali inatetemeka ukikanyaga breki, au diski ina mifereji inayokamata ukucha. Kabla ya kuipeleka kwenye mashine soma maandishi yaliyogongwa pembeni mwake, MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa), pima kwa kaliper ya kupimia. Ikibaki juu kidogo tu ya kikomo, ukiichonga unapata diski nyembamba inayopata moto upesi na kupinda tena. Kutu jekundu la asubuhi baada ya mvua si ugonjwa, linaondoka kwa breki tatu za kwanza.

Oili ya breki usiifute kwenye orodha, ndiyo kitu cha lazima kuliko vyote humo. Inavuta unyevu wa hewa, na unyevu hapa haununuliwi. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji kipimo chake kinashuka hadi 140. Sasa shuka nayo kutoka Lushoto hadi Mombo mguu ukiwa kwenye breki muda wote: inachemka, inatoa mapovu, pedali inazama hadi sakafuni pale kona za Soni. Badilisha kila miaka miwili. Nunua chupa zilizofungwa, lita 1 jumla, iliyofunguliwa mwezi uliopita usiitumie. Anza na gurudumu la mbali na silinda kuu, yaani nyuma kushoto, mwenzako akikanyaga na wewe ukifungua na kufunga nipoli (kichuchu cha kutolea hewa), na kopo la oili la juu lisikauke hata mara moja. Ikidondokea rangi ya gari mwagia maji papo hapo.

Na kushuka, weka 2 au L. Giaboksi ya hiyo IST imepewa hizo gia kwa ajili ya milima kama ile.

Mwana_Duga

Shukrani sana dada, na wakuu wote. Kodi imesomwa hapa Ngamiani: P0302. Koili ya 2 imekwenda 4, na kodi imehamia P0304. Kwa hiyo koili moja. Pedi za mbele zina milimita 7 nje na 4 ndani, upande wa kushoto. Vipi haidroliki na kulanti?

Mzee_wa_Gia

7 kwa 4, pini hiyo imeshakwama. Ameshasema Bi Raskazone, sirudii.

Haidroliki kwa mashine usikubali kwenye giaboksi ya kilomita 121,000 usiyoijua. Mashine inasukuma kwa presha na kubeba uchafu uliokuwa umetulia hadi kwenye vali. Fanya ya kumwaga na kujaza. IST yako inatumia oili ya Type T-IV, mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita 3 hivi. Nyingine, zaidi ya nusu, inabaki kwenye tokonveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Pima kwa chupa kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho. Tembea kilomita 500 au 1,000, rudia, kisha ya tatu. Baada ya mara tatu zaidi ya robo tatu ya iliyomo ni mpya, na umetumia lita 9 bila mashine.

Kusoma stiki kuna utaratibu wake na wengi wanakosea: tembeza gari dakika 20, simama pa tambarare, injini ikiwa inaunguruma, mguu kwenye breki, pitisha gia zote P hadi L na kurudi P, kisha chomoa stiki na usome kwenye alama ya HOT. Ukisoma injini imezimwa utaona imejaa isivyo. Ikinuka kama kitu kilichoungua na ni nyeusi, na gia zinateleza, usiguse, lipeleke gari kwa fundi wa giaboksi akuambie kabla hujatumia hata shilingi.

Wenye IST za umbo jipya, za kuanzia 2007, msinifuate. Nyingi za hizo ni CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua), T-IV haiingii humo kabisa.

Kulanti: rejeta na injini vinachukua karibu lita 5. Tatizo la mji wetu ni maji. Visima vingi vya hapa ni vya chumvichumvi, na maji hayo ndani ya injini ya aluminiamu ni sumu: yanakula pampu, yanajenga magamba kwenye rejeta, halafu gari linachemka kwenye foleni na fundi anakuambia ununue rejeta. Nunua kulanti iliyokwisha changanywa, au kali uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma lebo, maana asidi ya betri nayo inakaa rafu hiyo hiyo kwenye chupa inayofanana. Nyekundu ya Toyota ya aina ya zamani ni miaka miwili au kilomita 40,000. Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto.

Hapa kwenye ratiba ya oili tutabishana na Spana_14 kidogo. 3,000 ya kwanza sawa, baada ya hapo usikubali kibandiko cha gereji cha kilomita 3,000 milele. Kitabu cha Japani kwa injini hii kinasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa mazingira magumu. Vumbi letu na safari fupi za Ngamiani hadi Chumbageni ni mazingira magumu, kwa hiyo 7,500 kwa oili nzuri ya sintetiki, 5,000 kwa ya madini. Mtu anayetembea 15,000 kwa mwaka, kibandiko cha 3,000 ni sevisi tano. Kwa 7,500 ni mbili. Galoni tatu na filta tatu zimebaki mfukoni.

Spana_14

Sibishi mzee, shikamoo. Naongeza sharti moja: anayekwenda 7,500 asome stiki kila wiki mbili. 2NZ za umri huu nyingine zinakula oili, na lita 3.7 si nyingi kiasi cha kuvumilia kupoteza moja.

Kaunta_ya_Spea

Namna ya kununua. Nenda dukani na picha ya kadi ya gari, nambari ya chesisi ionekane. Kwa chesisi muuzaji anapata nambari kamili ya kifaa; kwa kusema "IST" unapewa cha IST yoyote, na pedi za NCP60 na za toleo linalovutwa na magurudumu yote manne si lazima zifanane. Andika nambari hizo kwenye simu, ndipo uulize bei maduka matatu. Hela ya ufundi mkubaliane kwa kazi, si kwa asilimia ya spea.

Filta feki: chungulia ndani ya tundu la katikati na matundu madogo yanayolizunguka. Halisi ina kimpira cha kuzuia oili isirudi, karatasi yenye mikunjo inayolingana, na nyuzi safi. Ukigonga na kusikia kitu kinacheza ndani, rudisha. Galoni ya oili: sili ya mfuniko isiwe imefunguliwa, na nambari ya mzigo iwe imechapwa kwenye plastiki, si kwenye karatasi tu. Galoni tupu ukimaliza itoboe, kwa sababu kuna watu wanazinunua kwa kazi ya kuzijaza tena.

Filta ya hewa igonge vumbi na uimulike kwa tochi kutoka ndani. Mwanga ukipita vizuri, bado inafaa. Usiioshe wala usiipige upepo wa kompresa kwa karibu, karatasi inatoboka. Ya AC iko nyuma ya sanduku la glavu, dakika tano bila spana. IST nyingine zilikuja na nafasi yake tupu, na bado watu wanalipishwa "kubadilisha".

"Vifaa vidogo vidogo" waambie waviorodheshe. Popote utakapotengeneza, omba spea za zamani urudishiwe kwenye mfuko.

Wakala mwenyewe bado ana kazi zake: gari jipya lililo ndani ya waranti, na mwito wa kurekebisha kasoro za kiwandani, kama mifuko ya hewa ya Takata. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza nambari ya chesisi na kuona kama gari lako lina mwito ambao haujafanyiwa kazi. IST ya mtumba haina waranti ya kulinda, kwa hiyo kuipeleka Dar kwa oili na plagi ni waja leo waondoka leo, na mafuta ya zaidi ya kilomita 600 kwenda na kurudi hayamo kwenye profoma.

Mwana_Duga

Orodha imebaki: oili lita 4 na filta, koili moja, plagi, pini za kaliper na pedi za mbele, oili ya breki, kulanti, haidroliki kwa awamu tatu. Alaimenti je?

Spana_14

Jaza upepo kwanza kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi tairi zikiwa baridi. Kisha tafuta barabara tambarare, shika usukani kidogo tu. Gari likivuta upande mmoja, au tairi inaliwa ukingo mmoja, fanya, ila baada ya kukagua boljointi, tairodi na bushi. Alaimenti juu ya tairodi inayocheza haikai wiki. Lisipovuta na tairi zikiliwa sawa, haina haja.

Pedi badilisha pande zote mbili kwa pamoja, hata kama kulia bado nene. Kabla ya kurudisha pistoni ndani punguza oili kwenye kopo la juu isije ikafurika. Nati za magurudumu Nm 103, kwa kupishana, na uzikague tena baada ya kilomita 100.